Kidonge Kimoja, Maini Tofauti

Chukua ndugu wawili wa Chamwino, baba mmoja mama mmoja, kila mmoja ana kilo 50. Wote wamekutwa na kifua kikuu, na wote wanameza vidonge vitatu vya mchanganyiko saa moja asubuhi. Kila kidonge kina rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275, kwa hiyo kila mmoja ameingiza isoniazidi miligramu 225. Ikifika saa nne asubuhi, damu ya mmoja imebakiza kidogo tu ya isoniazidi hiyo. Ya mwenzake bado ina nusu nzima au zaidi. Tofauti hiyo wameirithi. Haionekani usoni, haimo kwenye mizani, wala haiulizwi kwenye fomu ya kuanzishiwa dawa.

Tunaandika haya kwa ajili ya wauguzi, matabibu na wasimamizi wa dawa nyumbani walioko kwenye kliniki za kifua kikuu za Dodoma na Singida, na kwa ajili ya wagonjwa wenyewe na jamaa zao. Dawa hizi zinaponya, nasi tunazitetea. Lakini kuna wachache ambao ini lao linaungua kwa dawa hizo hizo, na wachache zaidi ambao ini linashindwa kabisa ndani ya siku chache. Miaka ya kazi hii imetufundisha kwamba urithi huchangia kuamua nani ataumia, na mara nyingi siku tatu au nne za kuendelea kumeza baada ya dalili kuanza ndizo zinazoamua kama atapona.

Tuanze na jeni, yaani kipande cha urithi kinachobeba maelekezo ya mwili, maana wengi husikia neno hilo wakadhani ni mambo ya maabara za Ulaya. Isoniazidi husafishwa ndani ya ini na kimeng'enya ambacho maelekezo yake yako kwenye jeni iitwayo NAT2, katika kromosomu ya 8. Kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala mbili za kasi hupunguza dawa kwenye damu kwa nusu ndani ya saa moja hadi saa moja na nusu. Mwenye nakala mbili za polepole huhitaji saa tatu au zaidi kufika hapo. Mwenye moja ya hivi na moja ya vile yuko katikati. Na ubaya hauishii kwenye dawa kukaa muda mrefu. Njia kuu ikiwa nyembamba, sehemu ya isoniazidi huchepuka na kuzaa hidrazini, ambayo ni sumu kwa seli za ini. Kimeng'enya cha kuizima sumu hiyo ni kile kile cha NAT2 ambacho ni dhaifu. Mtu wa polepole anapigwa pande mbili: sumu inatengenezwa zaidi, na inaondoka taratibu.

Barani Afrika, kama ilivyo Ulaya, karibu nusu ya watu ni wa polepole. Japani ni takriban mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo kwenye benchi la wagonjwa 20 wanaosubiri dawa Jumatatu asubuhi, hesabu kwamba kumi hivi ni wa polepole, na wengi wa hao kumi watamaliza dozi bila tatizo lolote. Kuwa wa polepole si ugonjwa. Ni kama kuwa na mlango mwembamba: siku ya kawaida mnapita, shida ni siku ya msongamano.

Kosa moja tunalolisikia sana ni kumtuliza mgonjwa kwa kumwambia, "Mbona kaka yako alimeza hizi hizi akapona?" Wazazi wawili walio katikati wanaweza kuzaa mtoto wa kasi, wa katikati na wa polepole ndani ya nyumba moja, na kwa kila mtoto bahati ya kuwa wa polepole ni moja kati ya nne. Kaka aliyemaliza salama hatuambii lolote la hakika kuhusu mdogo wake. Kabila pia halisaidii. Hakuna "ini la Kigogo" wala "ini la Kirangi".

Hapa kuna jambo ambalo hata watumishi wenzetu huchanganya. Jeni inayomfanya mtu aumie, na jeni inayofanya jeraha liwe baya, zinaweza kuwa mbili tofauti. NAT2 inafanya kazi zote mbili kwa kiasi: utafiti wa Taiwan uliochapishwa 2002 ulionyesha kwamba watu wa polepole walipata homa ya ini ya dawa mara nyingi zaidi, na miongoni mwa walioipata, vimeng'enya vyao kwenye damu vilipanda juu kuliko vya watu wa kasi. Lakini ziko jeni nyingine ambazo hazina habari kabisa na kusafisha dawa. Keratini ya 8 na ya 18 ni protini zinazoshikilia seli ya ini kutoka ndani, kama fito na nguzo ndani ya ukuta wa nyumba ya tembe. Ukuta ukiwa umesiribwa vizuri huwezi kujua fito ipi imeliwa na mchwa, mpaka mvua kubwa ishuke. Wagonjwa wa Marekani walioshindwa ini kwa ghafla walipochunguzwa, waliobeba kasoro za keratini hizo walikuwa wengi kuliko kwa watu wa kawaida, na matokeo yao yalikuwa mabaya zaidi. Dawa haikuwa kali zaidi kwao. Nyumba ndiyo iliyokuwa na fito dhaifu.

Mfano mkali kuliko wote ni wa dawa ya kifafa, valproeti. Mtoto aliyerithi kasoro kwenye jeni POLG, inayotunza vinasaba vya mitokondria (vinu vya nishati ndani ya seli), anaweza kushindwa ini kabisa kwa dozi ambayo watoto wengine huivumilia. Walio chini ya miaka miwili ndio walio hatarini zaidi. Wagonjwa wa kifafa wapo Dodoma, na hospitali ya Mirembe ipo hapa hapa, kwa hiyo jambo hili si la mbali. Mtoto mwenye kifafa kigumu, anayerudi nyuma kimakuzi, ambaye ndugu yake aliwahi kufa kwa hali kama hiyo, asianzishiwe valproeti kwa haraka. Na akianza kutapika, kusinzia na degedege kuzidi wiki chache baada ya kuanzishiwa, usiongeze dozi kwa kudhani ni kifafa tu. Pima ini na sukari siku hiyo hiyo.

Turudi kwenye kifua kikuu, maana huko ndiko wagonjwa walipo.

Hatuna kipimo cha NAT2 kwenye zahanati, na hata kingekuwepo kuna mtego. Aina nyingi za polepole zinazotafutwa na vipimo vya kigeni ziligunduliwa kwa Wazungu na Waasia. Aina iitwayo NAT2*14 hupatikana zaidi kwa Waafrika, na kipimo kisichoitafuta kitamwita mtu wetu "wa kasi" wakati sivyo. Yeyote atakayekuja kuuza kipimo hicho nchini aulizwe swali hilo kwanza. Japani walijaribu kupanga dozi kwa kufuata jeni: wa polepole walipewa isoniazidi miligramu 2.5 kwa kilo badala ya 5, na wa kasi 7.5. Katika matokeo ya 2013, miongoni mwa wa polepole waliopewa dozi ya kawaida, asilimia 78 walipata jeraha la ini linalohusishwa na isoniazidi. Waliopunguziwa, hakuna hata mmoja. Watu wa polepole kwenye jaribio hilo walikuwa wachache, lakini mwelekeo unaonekana wazi. Hata hivyo tunasisitiza: usimkatie mtu kidonge kwa kubahatisha. Ukimpunguzia mtu wa kasi, unaacha vijidudu vya kifua kikuu vikiwa hai na unavifundisha usugu. Bila kipimo, dozi ni ile ya uzito. Kinachobadilika ni uangalizi.

Uangalizi unaanza siku ya kwanza, kabla kidonge hakijamezwa. Tunapima ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu seli za ini zikiumia) na bilirubini (rangi inayoleta manjano), VVU, na homa ya ini B kwa kipimo cha haraka. Tunauliza pombe bila kumhukumu mtu: wanzuki au gongo, mara ngapi kwa wiki, mara ya mwisho lini. Tunauliza mizizi na unga wa kienyeji anaotumia, na tunauliza kwa heshima, kwa sababu mzee akiona unamdharau atakuambia hakuna. Anayetiliwa alama nyekundu kwenye kadi ni mwenye umri zaidi ya miaka 35, anayekunywa pombe kila siku, mwenye homa ya ini B, mwenye VVU, mjamzito au aliyejifungua karibuni, na aliyekonda sana. Mtu aliyekonda ana akiba ndogo ya glutathioni, ile kinga ya ndani inayonyonya sumu kabla haijagusa seli. Hawa wanarudiwa kipimo cha ini wiki ya pili, ya nne na ya nane. Wengine wanaulizwa maswali kila wanapokuja kuchukua dawa.

Maswali hayo ndiyo kiini cha kazi yote. Kichefuchefu peke yake hakitoshi, kwa sababu dawa hizi huchafua tumbo la karibu kila mtu wiki ya kwanza. Tofauti iko kwenye saa na kwenye wiki. Kichefuchefu cha kawaida huja muda mfupi baada ya kumeza, hupungua mchana, na jioni mtu anakula ugali wake. Cha ini hukaa mchana kutwa, chakula kinamkinai, harufu ya mafuta inamtapisha, na mara nyingi huanza upya baada ya wiki mbili, tatu au zaidi za kuzoea. Kwa hiyo usiulize, "Unaendeleaje?" Utajibiwa, "Nzuri tu." Uliza hivi: "Shikamoo babu. Jana jioni ulikula nini? Ulimaliza?" Kisha umgeukie aliyekuja naye: "Mama, babu amekula kama wiki iliyopita?" Mama ndiye anayeosha sahani. Anajua.

Mkojo una mtego wake. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, na tunawaambia wagonjwa wasiogope. Matokeo yake ni kwamba mkojo wa manjano ya ini unapokuja, mgonjwa hashtuki, na msimamizi wake anamwambia tulishasema ni kawaida. Tumebadilisha maneno. Sasa tunasema: "Rangi ya chungwa baada ya kumeza ni dawa, na inapungua ukikaribia kumeza tena. Mkojo wa alfajiri, kabla ya kidonge, ukiwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, hiyo si dawa, njoo." Ukitaka kuhakikisha kwenye zahanati, omba mkojo wa kabla ya kidonge, uutikise kwenye chupa safi. Povu la njano linaashiria bilirubini. Kijiti cha mkojo kinasaidia, ila rangi nzito ya rifampisini huweza kupotosha usomaji, ndiyo maana tunataka ule wa alfajiri.

Macho nayo. Kwa wakulima wetu, jua na vumbi vimefanya weupe wa jicho kuwa wa kahawia kidogo upande unaoonekana. Mtumishi mgeni huona manjano kwa kila mzee, na aliyezoea sana haoni kwa yeyote. Mtoe mgonjwa nje kwenye mwanga wa jua, usimwangalie chini ya balbu. Mwambie atazame chini, kisha inua kope la juu. Ile sehemu iliyojificha chini ya kope haijapigwa na jua, na ikiwa njano ni njano kweli. Tazama na chini ya ulimi.

Sasa lile ambalo tunalijali kuliko yote. Kwa miaka mingi tumewafundisha wagonjwa kauli moja: usiache dozi. Ni kauli sahihi na imeokoa watu wengi. Lakini kwa mtu ambaye ini lake limeanza kuungua, kauli hiyo inaua. Anatapika, anapumzika, anameza tena, kwa sababu anaogopa kuandikwa mtoro. Msimamizi naye anahesabu vidonge vilivyobaki na anataka hesabu itoke sawa. Siku tatu zinapita, Ijumaa inaingia, zahanati imefungwa, na Jumatatu analetwa amebebwa. Tangu tulipoelewa hivyo, kauli tunayoitoa ina nusu mbili na zote zinasemwa siku ile ile: usiache dozi kwa kuchoka au kwa kujiona umepona, lakini ukikosa hamu ya kula kutwa nzima, ukitapika, mkojo wa alfajiri ukawa mweusi au macho yakawa njano, kidonge cha kesho usikimeze, na kesho hiyo hiyo uje na vidonge vyako mkononi. Hutaandikwa mtoro. Tunamwomba msimamizi arudie maneno hayo kwa mdomo wake. Asiyeweza kuyarudia hajayasikia.

Kwenye zahanati isiyo na kipimo, mwenye manjano anasimamishiwa dawa zote nne na anapelekwa mbele siku hiyo. Usijaribu kumwachishia moja tu. Vidonge ni vya mchanganyiko, huwezi kuchomoa isoniazidi ndani yake. Andika kwenye karatasi ya rufaa tarehe ya kuanza dawa, tarehe ya dalili ya kwanza na tarehe ya kidonge cha mwisho. Tarehe hizo tatu zina thamani kuliko aya nzima ya maelezo.

Penye maabara, dawa zinasimamishwa ALT ikizidi mara tatu ya kikomo cha juu cha kawaida na mtu ana dalili, au ikizidi mara tano hata kama hana dalili. Kikomo cha maabara kikiwa 40, namba zako ni 120 na 200. Chini ya hapo, bila dalili, endelea na upime tena baada ya wiki moja. Kati ya watu kumi wanaotumia isoniazidi, mmoja au wawili hupandisha ALT kidogo kisha hushuka yenyewe huku wakiendelea na dawa, kwa sababu ini lina uwezo wa kuzoea. Kumwachisha kila mmoja wao ni kuharibu matibabu bure. Lakini ALT ikiwa zaidi ya mara tatu na bilirubini zaidi ya mara mbili kwa pamoja, hali imegeuka: kati ya kumi walio hivyo kwa sababu ya dawa, karibu mmoja hufa au huhitaji kupandikizwa ini.

Sampuli huharibika njiani, hasa kutoka Chemba au Bahi kwa bodaboda. Mwanga wa jua huvunja bilirubini, kwa hiyo chupa ifungwe karatasi ya alumini au iwekwe kwenye bahasha nyeusi. Damu iliyotikisika ikapasua chembe zake hupandisha AST, kimeng'enya kingine kinachopimwa kwa ini, kwa uongo. Chupa ya kifuniko cha bluu, ya kipimo cha kuganda kwa damu kiitwacho INR, lazima ijazwe mpaka kwenye mstari, maana dawa iliyomo ndani imepimwa kwa sehemu moja dhidi ya tisa za damu. Ikijazwa nusu, INR itatoka juu na utamtisha mtu asiyeumwa hivyo.

Na INR ndiyo ya kuangalia, kuliko ALT. ALT inaonyesha seli zinavyopasuka. INR inaonyesha kama ini bado linafanya kazi ya kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Ini linahesabiwa kuwa limeshindwa kwa ghafla pale ambapo INR imefika 1.5 au zaidi na akili ya mgonjwa imevurugika, hata kidogo, kwa mtu ambaye hakuwa na ini lililosinyaa na ugonjwa haujazidi wiki 26. Kuna siku ALT inashuka kutoka 2,000 hadi 600 na wodi inafurahi, kumbe INR imepanda kutoka 1.8 hadi 4. Hapo ALT imeshuka kwa sababu seli za kupasuka zimekwisha. Soma namba zote mbili pamoja au usisome kabisa.

Kuvurugika kwa akili huanza polepole, na ndugu huona kabla ya daktari. Mtu analala mchana na kukesha usiku, anakasirika bila sababu, anamsahau mjukuu jina. Mpe kalamu aandike jina lake kila asubuhi kwenye karatasi ile ile. Kwa asiyejua kuandika, achore nyota au ahesabu kurudi nyuma kutoka 20. Mwambie anyooshe mikono mbele, viganja vikitazama mbele kama anayezuia mlango. Viganja vikidondoka na kurudi, kudondoka na kurudi, ubongo umeshaguswa. Mgonjwa huyo akisumbua usiku asichomwe diazepamu ili wodi itulie. Ini halitaisafisha, na asubuhi hutajua kama amelala kwa dawa au ameingia kwenye koma.

Muuaji wa kimya ni sukari. Ini lililoshindwa haliwezi kutoa akiba yake, na sukari hushuka usiku wa manane. Pima kila saa mbili. Chini ya milimoli 4 kwa lita, mpe dekstrozi, yaani sukari ya kwenye mshipa. Kama chupa ya asilimia 10 haipo, toa mililita 50 kwenye chupa ya mililita 500 ya asilimia 5, kisha ongeza mililita 50 za asilimia 50. Utapata karibu asilimia 10. Vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa inafaa. Usimpe diklofenaki kwa maumivu. Plazma, yaani majimaji ya damu, isitolewe kwa ajili ya kurekebisha namba ya INR tu wakati hatoki damu, kwani utaficha kipimo pekee kinachokuonyesha ini linakwenda wapi.

N-asetilisisteini wengi wanaijua kama dawa ya aliyezidisha parasetamoli, na ni kweli, hasa ikianza ndani ya saa nane. Lakini hata kwa mtu mzima ambaye ini limeshindwa kwa dawa nyingine, ikianza wakati kuchanganyikiwa bado ni kwa hatua ya kwanza au ya pili, inasaidia. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa 2009, walioipata katika hatua hizo walipona bila kupandikizwa kwa asilimia 52, dhidi ya 30 kwa wasioipata. Walipewa miligramu 150 kwa kilo katika saa ya kwanza, kisha 12.5 kwa kilo kila saa kwa saa nne, kisha 6.25 kwa kilo kila saa kwa saa 67. Kwa mtu wa kilo 50 saa ya kwanza pekee ni gramu 7.5. Kwa aliyeingia koma nzito haikuonyesha faida, na kwa watoto haikusaidia kwa sababu zisizo za parasetamoli. Ndiyo maana rufaa ya Ijumaa ina thamani kuliko ya Jumatatu. Kupandikizwa ini si kitu ambacho mgonjwa wa Mpwapwa atakipata kwa siku alizobakiza.

Si kila manjano ya anayemeza dawa ni ya dawa. Mkoa wetu una somo lake la 2016, pale sumukuvu ya aflatoksini kwenye mahindi ilipowafanya watu waugue na wengine kufa katika Dodoma na Manyara. Uliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye macho ya njano, hasa mtoto, na kama wote wanakula unga wa ghala moja. Dawa za kifua kikuu huumiza anayezimeza. Unga mbovu huangusha kaya. Waliopona mwaka ule na wenye homa ya ini B wanaweza kuwa na akiba ndogo zaidi, nao wanastahili ile alama nyekundu. Uliza pia parasetamoli: mtu mwenye kilo 40 anayetapika, asiyekula siku ya tatu, anaweza kuwa anameza vidonge vya mafua na vya maumivu kwa pamoja bila kujua kwamba vyote vina parasetamoli. Kwa mtu mzima kikomo ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, na huyo aliyekonda asifike hapo.

Aliyenusurika bado ana kifua kikuu, na hapa ndipo makosa ya pili hutokea. Dawa hazirudishwi mpaka dalili ziishe na ALT ishuke chini ya mara mbili ya kikomo. Inaanza rifampisini pamoja na ethambutoli. Baada ya siku tatu hadi saba, ALT ikiwa imetulia, inaongezwa isoniazidi. Aliyekuwa na manjano, kisha akazivumilia hizo, hatumrudishii pirazinamidi. Matibabu yanakuwa ya miezi tisa badala ya sita. Aliyefikia ini kushindwa kabisa harudishiwi isoniazidi wala pirazinamidi kwa majaribio. Anapangiwa dawa nyingine na wataalamu wa juu. Yote haya yanahitaji vidonge vya dawa moja moja, ambavyo zahanati nyingi havipo rafuni. Mratibu wa wilaya apigiwe simu siku ile dawa zinaposimamishwa, si siku ya kuzirudisha. Vikikosekana, kishawishi ni kumrudishia mchanganyiko "kidogo kidogo". Hapo dawa tatu zinazoumiza ini zinaingia kwa pamoja, na ini likichafuka tena hutajua ipi ilifanya hivyo.

Mwishoni tunaandika kwenye kadi yake, kwa wino: dawa iliyomuumiza, siku ya ngapi baada ya kuanza, ALT na INR za juu kabisa. Anabaki na kadi hiyo hata baada ya kupona. Na mdogo wake akija mwaka unaofuata kuanza dawa hizo hizo, tunaiomba kadi ya kaka, tunamtilia mdogo alama nyekundu, na damu yake inachukuliwa wiki ya pili bila kusubiri alalamike.